Peter Forsskål na Mdagu wa Nyika

Msomaji aliyewahi kusafiri kutoka Garissa kwenda Dadaab na Dagahaley anaijua nchi ile: mchanga, migunga, miti ya manemane na jua lisilo na huruma. Katika nyika kama hizo humea mdagu, mti mfupi wenye shina nene kama mtungi na maua ya rangi ya waridi. Siku hizi watu wa mijini huutafuta ili waupande katika vyungu, kwa ufundi wa Kijapani uitwao bonsai, yaani kuulea mti ubaki mdogo ilhali una sura ya uzee. Ni wachache wamjuao mtu aliyeutia mti huo katika vitabu vya elimu ya mimea.

Mtu huyo ni Peter Forsskål. Alizaliwa Helsinki mwaka 1732, wakati mji huo ulipokuwa chini ya Sweden. Alisoma kwa Linnaeus, bingwa wa elimu ya mimea, akajifunza na lugha za Mashariki. Mwaka 1761 mfalme wa Denmark alipeleka wataalamu Uarabuni, naye alikuwamo. Walikaa Misri kama mwaka mmoja, kisha wakapita Bahari ya Sham hadi Yemen mwishoni mwa 1762.

Huko alizunguka pwani na milimani, akiwauliza wenyeji majina ya mimea na kuyaandika kama walivyoyataja kwa Kiarabu. Mdagu akauita kwa Kilatini obesum, maana yake mnene. Lakini tarehe 11 Julai 1763 homa ya malaria ilimwua mjini Yarim, umri wake miaka 31. Katika wasafiri sita, Carsten Niebuhr peke yake ndiye aliyerudi kwao, na ndiye aliyekichapisha kitabu cha mwenzake mwaka 1775.

Maisha hayo mafupi yana funzo kwa mpenda bonsai. Mwenye pupa hung'oa nyikani mdagu uliokwisha kunenepa kwa miaka mingi, na pale alipoung'oa pakabaki shimo. Pande za Dagahaley, tangu kambi za wakimbizi zifunguliwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, miti mingi imekwisha kwa kuni. Haifai kuizidishia nchi ile hasara.

Afadhali mche wa mbegu. Kijiti kilichokatwa huota, lakini aghalabu shina lake halinenepi chini kama la mche wa mbegu. Chagua wenye mizizi iliyotawanyika pande zote, na shina gumu ukilibonyeza. Lililo laini huenda limeoza. Kisha nawa mikono, kwani utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji walipaka mishale. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mti vivyo hivyo.

Forsskål hakukiona kitabu chake. Apandaye mbegu ya mdagu leo naye huenda asiuone uzee wake, lakini wanawe watauona.