Joseph Lister na Vidonda Visivyooza

Joseph Lister alizaliwa Uingereza mwaka 1827. Alisomea udaktari, akawa mpasuaji. Mwaka 1861 alianza kazi katika hospitali kubwa ya mji wa Glasgow, Uskoti.

Siku zile watu waliogopa sana kupasuliwa. Daktari alipasua vizuri na kushona vizuri. Lakini baada ya siku chache kidonda kilivimba, kikatoa usaha na kunuka. Wagonjwa wengi walikufa. Madaktari walisema ni hewa mbaya. Kumbe wao wenyewe walivaa makoti yenye damu kavu ya wagonjwa wa jana. Koti chafu lilikuwa sifa! Lilionyesha kuwa mwenyewe ni mchapa kazi.

Lister alisoma maandishi ya Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa. Pasteur alionyesha kuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyochachusha maziwa. Lister akafikiri kuwa huenda vijidudu ndivyo vinavyoozesha vidonda pia. Lakini maziwa huchemshwa. Mguu wa mtu hauchemshwi. Ilibidi atafute dawa. Alisikia kuwa katika mji wa Carlisle watu walitia dawa ya kaboliki katika maji machafu, na harufu ikapungua. Akaichukua dawa hiyo.

Tarehe 12 Agosti 1865 aliletwa mtoto wa miaka 11, James Greenlees. Gurudumu la mkokoteni lilikuwa limemvunja mguu, na kidonda kilifika hadi kwenye mfupa. Kwa desturi, mguu wa namna hiyo ulikatwa. Lister hakuukata. Alifunika kidonda kwa kitambaa kilicholowa kaboliki, akaufunga mguu kwa mabanzi. Siku ya nne alifungua. Hapakuwa na usaha wala harufu. Baada ya majuma sita mfupa ulikuwa umeunga.

Basi Lister akaagiza mikono, visu na nyuzi za kushonea vitiwe kaboliki. Dawa hiyo ilichubua mikono, na baadhi ya madaktari walimcheka. Yeye aliendelea. Kabla ya utaratibu huo, kati ya wagonjwa 35 aliowakata mguu au mkono, walikufa 16. Baadaye, kati ya 40, walikufa 6.

Lister alifariki mwaka 1912. Kabla ya kufa kwake, madaktari wengine walikwisha kuanza kuchemsha vyombo na kuvitia katika mvuke mkali, kama hospitali zifanyavyo hata leo.