Alan Turing: mwalimu wa siri ambaye wasomi wetu wangeanza naye

Wadau, leo nawaletea maisha ya mtu aliyefariki mwaka 1954, kabla hata wazazi wa wengi wetu hawajazaliwa. Anaitwa Alan Turing, Mwingereza. Mimi nimeishia kidato cha nne huku Kasulu, sina digrii ya kompyuta wala ya nini. Ila kuna vijana wa Kasulu na Kibondo wanaosoma shahada ya pili ya usalama wa mtandao, na wakija likizo nikikaa nao mazungumzo ni programu, programu, programu. Nikasoma habari za huyu bwana, nikaona kuna kitu wanakiruka. Twende polepole.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni India, kwa hiyo mtoto alilelewa kwa watu huko Uingereza. Mwaka 1931 akaingia Cambridge kusoma hisabati. Mwaka 1936, wakati kompyuta hata haijaundwa, akaandika kuhusu mashine ya kufikirika inayosoma alama moja moja kwenye utepe na kufuata maelekezo. Kompyuta zote, hata hiyo simu uliyoshika sasa hivi, zinafuata wazo lile.

Halafu akaenda Marekani, Princeton, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1938. Huko huko, akiwa bado mwanafunzi, alianza kujenga kidude cha umeme cha kuzidisha namba kwa ajili ya kuficha ujumbe. Yaani nadharia kichwani, koleo mkononi!

Vita ikaanza. Tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita na Ujerumani, akaripoti Bletchley Park, mahali pa kuvunjia siri za adui. Wajerumani walikuwa na mashine inaitwa Enigma. Unabonyeza herufi, inatoka nyingine, na kila ukibonyeza mpangilio unabadilika. Njia za kuitegesha zilikuwa kama milioni 158 mara milioni mara milioni. Ukikaa kujaribu moja moja utazeeka na wajukuu wako watazeeka.

Tusiwasahau Wapolandi hapa. Marian Rejewski na wenzake walishaanza kuivunja Enigma tangu mwaka 1932, na Julai 1939 wakawapa Waingereza ujuzi wao. Turing alijenga juu ya msingi wa watu, akabuni mashine kubwa iitwayo Bombe. Gordon Welchman akaiboresha, na kufikia mwisho wa vita zilikuwepo zaidi ya 200.

Sasa sikieni, hapa ndipo penye somo. Enigma ilikuwa na kasoro moja ya kuzaliwa: herufi haiwezi kujigeuza kuwa yenyewe, A haitoki A. Ukibahatisha neno lililomo kwenye ujumbe, unaliweka chini ya maandishi ya siri, na pale herufi zinapofanana unajua siyo penyewe. Na maneno ya kubahatisha walipewa na Wajerumani wenyewe! Taarifa za hali ya hewa zilitumwa kila siku kwa maneno yale yale. Waendesha mitambo wengine, kwa uvivu, walitegesha kwa herufi zinazofuatana au jina la mchumba. Mashine ilikuwa ngumu, binadamu ndiye aliyeacha mlango wazi.

Ndugu msomaji, hii si ndiyo habari yetu? Mtu wa Kibondo anaweka mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya hela za simu. Mwingine anamtajia wakala namba hiyo kwa sauti, foleni nzima inasikia. Ule ujumbe wa kumwambia mtu ile hela aitume kwenye namba nyingine haujavunja mtambo wowote, unamvizia mtu aliyekuwa anasubiri kutuma hela kweli. Mama anapoteza hela za gunia la maharage bila kompyuta yoyote kuguswa.

Mwaka 1940 Turing aliandika kitabu cha kazi kuhusu Enigma, na wageni wa Bletchley walifundishiwa humo. Wenzake walikiita kitabu cha Prof, maana ndilo jina walilomtania. Waliokuja kujifunza wengi walikuwa wahitimu wa vyuo vikubwa. Na kitabu kinaanzia kwenye mashine yenyewe inavyofanya kazi, ndipo zinafuata njia za kuivunja.

Siri zile zilifika hadi pwani yetu. Mwaka 1942 Waingereza walihamishia Mombasa kituo chao cha kunasa mawasiliano ya Wajapani, kwenye shule ya Allidina Visram, kabla ya kurudi Colombo mwaka 1943. Turing hakuja, lakini kazi ilikuwa ndiyo ile ile.

Naye alikuwa binadamu. Kikombe chake alikifunga kwa mnyororo kisiibwe. Alifukia fedha porini akiogopa vita, akaandika maelekezo kwa mafumbo, na baadaye hakuziona tena! Bingwa wa siri akashindwa na siri yake.

Mwisho wake unauma. Mwaka 1952 alikwenda mwenyewe polisi kuripoti wizi nyumbani kwake, maswali yakageuka, akashtakiwa kwa uhusiano na mwanamume, jambo lililokuwa jinai Uingereza. Akachomwa sindano za homoni badala ya kifungo, akaondolewa kwenye kazi za siri. Tarehe 7 Juni 1954 akafa kwa sumu ya sianidi, umri miaka 41. Kazi yake ya vita ilikuwa bado siri, majirani hawakujua aliwafanyia nini. Serikali iliomba radhi mwaka 2009, msamaha ukaja 2013, na mwaka 2021 sura yake ikawekwa kwenye noti ya pauni 50. Too late, kama wasemavyo vijana wa mjini.

Kwa hiyo wasomi wetu, someni programu, ndiyo. Lakini mkirudi likizo kaeni nusu saa kwa wakala wa sokoni Kasulu, mwone watu wanavyotunza namba zao. Hilo ndilo somo la kwanza. Au mimi wa kidato cha nne nimekosea? Mnasemaje?