Sholes, mutu wa herufi za klavye

Mu biro ndogo za Kamalondo, pale watu wanaendaka kuandikisha barua ya kuomba kazi ao kupiga fotokopi, kuna taabu moja inarudia. Klavye imekufa, wananunua ingine, wanaichomeka kwa ordinateri ya kizee. Unafinya Q, inatoka A. Unafinya W, inatoka Z. Wakati mwingine haitoke kitu. Mwenye kuanzisha mupango wa hizo herufi alikufa zamani sana, na mbele ya kufa yeye mwenyewe alikuwa anatafuta mupango mwingine.

Christopher Latham Sholes alizaliwa tarehe 14 Februari 1819 mu jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alijifunza kazi ya kuchapisha, akahamia Wisconsin, akawa mutu wa gazeti, kiisha mutu wa politiki mu bunge la jimbo. Alipigana sana ili Wisconsin ifute adhabu ya kifo, na ilifutwa mu 1853. Hiyo peke yake ingetosha kumupatia jina, lakini watu wameisahau.

Pale Milwaukee, Sholes na rafiki yake Samuel Soule walitengeneza kwanza mashini ya kutia namba kwa karatasi. Carlos Glidden akaona: kama inaandika namba, juu ya nini isiandike herufi? Tarehe 23 Juni 1868 wote watatu walipata hati ya mashini ya kuandika. Tushi zake za kwanza zilifanana na za piano.

Kazi ngumu ilianza pale. James Densmore, mutu mwenye kuleta makuta na mwenye maneno makali, alimusukuma Sholes kuivunja na kuitengeneza tena, mara na mara. Vyuma vya herufi vilikuwa vinakamatana. Wengi wanasema njo sababu alitawanya herufi; wachunguzi wengine wanasema alifuata watu wa telegrafu. Ile inajulikana ni kwamba mu 1873 Remington, watengenezaji wa bunduki, walikubali kuitengeneza. Ilianza kuuzwa 1874, na iliandika herufi kubwa tu. Inasimuliwa Sholes aliuza haki yake kwa dola 12,000, Densmore akabakia anakula faida.

Wafaransa na Wabelgiji walibadilisha kidogo ule mupango, A na Z zikaenda juu. Njo AZERTY tuliyonayo Kongo. Lakini klavye za okazyo zinazofika Lubumbashi, nyingi ni QWERTY ya Sholes.

Kwa mashini ya Sholes, kila tushi ilifungwa na herufi yake kwa chuma. Kwa ordinateri sivyo. Tushi inatuma namba ya nafasi yake tu, ordinateri njo inachagua herufi kufuata lugha uliyoiwekea. Kwa hiyo Q ikitoa A, klavye haijaharibika. Badilisha lugha ya klavye ndani ya ordinateri, usirudishe kitu sokoni.

Ikikataa kabisa, angalia kichwa cha waya. Kile kikubwa cha mviringo chenye vijiti 5 kilikuja na IBM ya 1981. Kidogo chenye vijiti 6, PS/2, kilikuja 1987. USB ilifuata mu 1996. Kutoka PS/2 kwenda kile kikubwa cha ordinateri za AT, za 1984, adapta rahisi inatosha, juu lugha ni moja. Ordinateri ya 1981 inasema lugha ingine: kichwa kinaingia, lakini hamusikilizani. Na kale kaadapta ka zambarau ka kutoka USB kwenda PS/2 kanageuza nyaya tu. Klavye isiyojua lugha ya zamani haitafanya kazi hata uikaze namna gani. Inahitaji adapta yenye elektroniki yake ndani, ya kutafsiri. Kipanya pia ni vile, rangi yake ni kijani. Na PS/2 uizimie ordinateri kwanza, unaweza kuiunguza.

Sholes aliendelea kufanya kazi na kifua kikuu mwilini. Mu 1889 aliomba hati ya klavye yenye herufi zilizopangwa kabisa tofauti. Alikufa Milwaukee tarehe 17 Februari 1890. Hati ilitoka 1896. Wakati ule vidole vya makaratani vilikuwa vimeshazoea mupango wa kwanza, na hakuna kampuni iliyochukua ule mwingine.