Chuck Taylor: Muuza raba ambaye jina lake lilivaliwa na mamilioni bila mrabaha

Na Mwandishi Wetu

MIONGONI mwa mamilioni ya watu wanaovaa raba za Converse All Star, ni wachache wanaofahamu kuwa saini iliyo kwenye nembo ya nyota, pembeni mwa kifundo cha mguu, ni ya mtu aliyewahi kuishi. Wachache zaidi wanajua kuwa mtu huyo hakupata mrabaha kwa jozi hata moja iliyouzwa kwa jina lake.

Huyo ni Charles Hollis Taylor, maarufu kama Chuck Taylor, aliyezaliwa Juni 24, 1901, katika jimbo la Indiana, nchini Marekani. Alijifunza mpira wa kikapu akiwa mwanafunzi wa sekondari katika mji wa Columbus, kisha akachezea timu za kulipwa za zama zile, miaka mingi kabla ya kuanzishwa kwa ligi ya NBA.

Kinyume na inavyodhaniwa na wengi, Taylor hakukibuni kiatu hicho. Kampuni ya Converse ilianzishwa mwaka 1908 na Marquis Mills Converse mjini Malden, Massachusetts, na mwaka 1917 ikatoa kiatu cha turubai chenye soli ya mpira kwa ajili ya wachezaji wa kikapu. Taylor aliajiriwa kuwa muuzaji mwaka 1921, kiatu kikiwa tayari kipo lakini hakijapata umaarufu.

Umaarufu huo aliuleta yeye. Kwa miaka mingi alizunguka Marekani kwa gari, akilala katika nyumba za wageni, akienda mji hadi mji kufundisha pasi na mitupo katika shule na vyuo. Katika mafunzo hayo hakuwalazimisha makocha kununua chochote; aliwaachia wenye maduka ya michezo ya mji husika wauze viatu hivyo. Kwa njia hiyo alipata marafiki wa pande zote mbili, kocha na mwenye duka, na oda zikafuata.

Mwaka 1922 kampuni ilianza kutoa kitabu cha mwaka cha mpira wa kikapu, ambacho Taylor alikitumia kutaja wachezaji bora wa nchi nzima. Katika miaka ya 1930 saini yake iliongezwa kwenye nembo ya kiatu.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, ambako mpira wa kikapu ulichezwa kwa mara ya kwanza kama mchezo wa medali, timu ya Marekani ilivaa raba hizo na kuifunga Canada 19-8 katika fainali iliyochezwa kwenye uwanja wa wazi uliolowa mvua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Taylor alifundisha timu ya kikosi cha anga cha Wright Field.

Hata hivyo, pamoja na mafanikio yote hayo, alibaki mwajiriwa wa kawaida. Alipokea mshahara na kulipiwa gharama za safari, basi. Tofauti yake na Michael Jordan, aliyesaini mkataba na Nike mwaka 1984 na kuvuna utajiri mkubwa kutokana na viatu vyenye jina lake, ni kama ya mbingu na ardhi.

Taylor alifariki dunia kwa maradhi ya moyo huko Florida Juni 23, 1969, siku moja kabla ya kutimiza miaka 68. Mwaka huo huo aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira wa kikapu la Naismith.

Katika miaka ya 1970 wachezaji wa kulipwa walihamia viatu vya ngozi, nazo raba za turubai zikageuka vazi la vijana na wanamuziki. Converse ilifunga kiwanda chake cha mwisho nchini Marekani mwaka 2001, na mwaka 2003 Nike ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 305.

Kwa wakusanyaji wa raba za kale, jozi zilizotengenezwa Marekani kabla ya kufungwa kwa kiwanda hicho ni mali ya kutafutwa. Wanapozikagua, miongoni mwa vitu vya kwanza kuangaliwa ni ile nembo ya nyota, yenye saini ya muuzaji aliyefanya kazi kwa mshahara.