Lev Vygotsky: Mtu aliyewasikiliza watoto wanaoongea peke yao

Mtoto wa miaka minne au mitano akiwa anachora au anachezea udongo, mara nyingi huongea peke yake. Hujiambia sasa anaweka hiki, hujiuliza kile kimeenda wapi, hujikemea akikosea. Watu wazima wengi hupita wakicheka, na wengine humwambia anyamaze. Karibu miaka mia moja iliyopita, mwalimu mmoja kijana huko Urusi aliona kwamba maneno hayo si upuuzi. Jina lake ni Lev Vygotsky. Hakuishi miaka mingi, lakini aligundua jambo ambalo leo linawasaidia wazazi wenye watoto wasiotulia, wanaokurupuka na wasiomaliza walichoanza.

Kijana wa Gomel

Vygotsky alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Orsha, akakulia Gomel. Miji hiyo leo iko Belarus. Wakati ule ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alifanya kazi benki, mama yake alikuwa amesomea ualimu, na nyumbani walikuwa watoto wanane.

Familia hiyo ilikuwa ya Wayahudi, na sheria za wakati huo ziliwabana Wayahudi katika makazi, katika kazi na hata katika masomo. Chuo Kikuu cha Moscow kiliwatengea nafasi chache tu. Lev alimaliza shule mwaka 1913 akiwa na medali ya dhahabu, lakini mwaka huohuo ikaamuliwa kwamba wanafunzi wa Kiyahudi wapatikane kwa kura ya bahati na si kwa alama zao. Kura ikamwangukia. Alianza kusomea udaktari, muda mfupi baadaye akahamia sheria, huku akisoma pia fasihi na falsafa.

Mwaka 1917 alimaliza masomo na kurudi Gomel. Ilikuwa miaka ya mapinduzi, vita na njaa. Kifua kikuu kiliingia nyumbani kwao, kikamuua mdogo wake, na Lev mwenyewe akaambukizwa. Dawa za kuponya ugonjwa huo zilikuwa hazijapatikana. Aliendelea kufundisha shuleni na katika chuo cha walimu, akijua kwamba siku zake huenda zikawa chache.

Moscow na watoto waliosahauliwa

Januari 1924 alikwenda Petrograd kwenye mkutano wa wataalamu wa elimu ya nafsi na akili. Hakuna aliyemfahamu. Alipomaliza kuzungumza, kijana mwenzake aitwaye Alexander Luria alivutiwa sana, na mwaka huohuo Vygotsky akaitwa kufanya kazi Moscow. Yeye na mkewe Roza walianza maisha katika chumba cha chini ya jengo la taasisi aliyoajiriwa.

Huko alijitolea kwa watoto viziwi, wasioona na wenye ulemavu wa akili. Alishikilia kwamba kinachomlemea mtoto wa namna hiyo zaidi ni jinsi watu wanavyomtenga, kuliko hata kasoro ya mwili. Kwake yeye, mtoto asiyeweza kupita njia ya kawaida atafutiwe njia nyingine ya kufika palepale.

Penseli iliyovunjika

Wakati huo Jean Piaget, mtafiti wa Uswisi, alikuwa ameandika kwamba mtoto mdogo huongea peke yake kwa sababu bado hajui kuona mambo kwa jicho la mwenzake, na kwamba tabia hiyo hufifia akikua. Vygotsky hakukubali. Yeye na wenzake waliwaweka watoto kuchora, kisha wakawatilia vikwazo vidogo: karatasi inakosekana, au penseli ya rangi haionekani. Watoto walianza kujisemesha karibu mara mbili ya kawaida. Kazi ilipokuwa ngumu, maneno yaliongezeka.

Mtoto mmoja wa miaka mitano na nusu alikuwa akichora gari la abiria linalopita kwenye reli za mjini. Penseli ikavunjika. Alinong'ona kwamba imevunjika, akachukua rangi za maji, akachora gari lililovunjika baada ya ajali, huku akiendelea kujisimulia. Neno alilojiambia ndilo lililobadilisha kazi ya mkono wake.

Hapo Vygotsky akapata jibu. Kwanza mtoto huongozwa na sauti ya mtu mzima: subiri, anza na hiki, taratibu. Baadaye huichukua sauti hiyo na kujiongoza mwenyewe kwa kusema kwa sauti. Mwisho maneno huingia ndani yakawa fikra, na hapo mtoto anaweza kujizuia bila mtu kusikia lolote. Kwa maneno mengine, kujitawala hakuji kwenyewe. Mtoto hukuazima kwanza kwa mtu aliye karibu naye.

Kazi iliyozikwa, kisha ikafufuka

Vygotsky alifariki Juni 11, 1934, akiwa na miaka 37. Ameacha mke na mabinti wawili. Kitabu chake kuhusu fikra na lugha kilitoka mwaka huohuo, yeye akiwa kaburini. Mwaka 1936 serikali ya Kisovyeti ilipiga marufuku taaluma ya uchunguzi wa watoto aliyohusishwa nayo, na kwa karibu miaka 20 maandishi yake hayakuchapishwa tena. Luria na wenzake hawakuyaacha mawazo hayo yafe.

Huko Kanada, mwaka 1971, watafiti Donald Meichenbaum na Joseph Goodman waliyachukua mawazo hayo na kuyafanyia kazi kwa watoto wa shule waliokuwa hawatulii. Mtu mzima alifanya kazi mbele ya mtoto huku akijielekeza kwa sauti. Kisha mtoto aliifanya huku mtu mzima akimwelekeza. Kisha mtoto alijielekeza mwenyewe kwa sauti, baadaye kwa kunong'ona, na mwisho kimyakimya moyoni. Mbinu hiyo ikawa sehemu ya tiba ya fikra na tabia kwa watoto.

Ni vizuri kusema ukweli wote. Watoto wale walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio waliyopewa, lakini tabia yao darasani haikubadilika kwa kiasi kilichotarajiwa. Kumfundisha mtoto peke yake, kisha kumrudisha kwa watu wasiobadilika, hakukutosha. Ndiyo maana leo, kwa mtoto wa chini ya miaka sita mwenye hali ya kutotulia na kutozingatia inayoitwa ADHD, wataalamu hushauri kuanza na mafunzo kwa mzazi. Jina hilo halikuwepo wakati wa Vygotsky, lakini ushauri huo unakubaliana naye: sauti ya ndani ya mtoto huanzia nje.

Tunachoweza kufanya nyumbani

Mtoto anayesahau anachotumwa hasaidiwi na maagizo matano kwa pamoja. Mwite karibu, mpe agizo moja fupi, mwache alirudie kwa mdomo wake, kisha aende. Akilifanya, msifu palepale na utaje alichofanya vizuri. Kama ni kufunga mbuzi, ifanye kazi hiyo mbele yake huku ukitaja kila hatua: kamba, mti, fundo, kisha kuvuta kuona kama limekaza. Kesho afanye yeye huku akitaja. Ukimsikia ananong'ona, usimnyamazishe. Sheria za nyumbani ziwe chache, na zisibadilike leo na kesho.

Kama mtoto hatulii nyumbani, shuleni na kwa majirani, na hali hiyo imedumu kwa miezi mingi, mpelekeni kituo cha afya. Wakati mwingine chanzo ni masikio, macho au kukosa usingizi.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Vygotsky alituonyesha sehemu ya namna hilo linavyotokea. Maneno tunayomwambia mtoto kila siku ndiyo atakayojiambia akiwa peke yake. Akizoea kusikia matusi na fimbo, atajitukana. Akizoea kusikia subiri, tazama, jaribu tena, siku moja atajiambia hivyo bila sisi kuwepo.