Hugh Trowell, munganga aliyekubali kwamba alikosea juu ya bwaki

Huku Kivu, mtoto akivimba miguu na nywele zake zikigeuka nyekundu, wamama wengi wanajua jina la ugonjwa: bwaki. Waganga wanauita kwashiorkor, na Waswahili wa Kenya na Tanzania wanasema kwashiakoo. Mmoja wa watu waliojitahidi sana kuuelewa hakufanya kazi mbali na Goma. Alikuwa Kampala, Uganda, katika hospitali ya Mulago. Ni Hugh Trowell, munganga Muingereza aliyekufa mwaka wa 1989. Kwa miaka mingi alikosea juu ya ugonjwa huu, kisha akakubali kosa lake mbele ya wenzake.

Trowell alizaliwa mwaka wa 1904 na alisomea uganga London. Mwaka wa 1929 serikali ya kikoloni ilimtuma Kenya. Alienda na mke wake Margaret, ambaye baadaye alianzisha shule ya sanaa ya Makerere.

Ni huko Kenya alianza kuona watoto wadogo wa mwaka mmoja mpaka mitatu, wamevimba miguu na uso, ngozi inachubuka kama ya mtu aliyeungua moto. Hawachezi, hawacheki, na chakula wanakikataa. Wengi walikufa. Waganga wengine walisema ni minyoo, wengine wakasema ni kaswende. Kwa macho mtoto alionekana mnene, kwa hiyo haikuwa rahisi kufikiri kwamba shida yake ni chakula.

Mwaka wa 1935 Trowell alihamia Uganda, akatibu wagonjwa Mulago na kufundisha vijana wa Makerere waliosomea uganga. Wakati ule ule, mwanamke munganga aliyezaliwa Jamaika, Cicely Williams, alikuwa akiona watoto kama hao huko Ghana. Mwaka wa 1933 aliandika kwamba walikuwa wanalishwa uji wa mahindi tu. Mwaka wa 1935 alitumia jina ambalo wamama wa kabila la Ga walikuwa nalo, kwashiorkor: ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake amezaliwa, maana anaachishwa ziwa la mama mapema.

Waganga wengi hawakumsadiki. Trowell pia alikuwa upande mwingine. Aliandika mwaka wa 1937 kwamba ni pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini fulani, unaojulikana kwa watu wanaoishi kwa mahindi. Dawa ingekuwa rahisi: mpe mtoto vitamini, atapona. Lakini watoto walipewa vitamini na wakaendelea kufa.

Hapo ndipo Trowell alibadilika. Mwaka wa 1945, yeye na mwenzake Eria Muwazi, munganga Muganda, walitoa andiko juu ya watoto na watu wazima hao wa Uganda. Wakasema wazi kwamba ni utapiamlo mkali, na jina la pelagra likaachwa. Miaka mitatu baadaye Jack Davies, aliyepasua maiti Mulago, alionyesha kwamba kongosho la watoto hao lilikuwa limenyauka. Kongosho ndilo linalotoa maji ya kumeng'enya chakula, na maji hayo yanatengenezwa kwa protini. Mtoto asiyepata protini anakosa hata nguvu ya kumeng'enya kidogo anachokula.

Tangu hapo maziwa ya unga yalitumika kama dawa, na watoto wengi walipona. Mwaka wa 1954 Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huo. Huku kwetu pia utafiti uliendelea, kwenye kituo cha Lwiro, Kivu ya Kusini.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Trowell alirudi Uingereza akawa pasta wa kanisa la Anglikana. Hakuacha uganga. Pamoja na Denis Burkitt, aliyefanya naye kazi Uganda, alifundisha kwamba chakula kisichokobolewa sana kinalinda mwili na magonjwa mengi ya watu wa Ulaya.

Lakini hata jibu la protini halikumaliza maneno. Watoto wawili wanaweza kula bugali ile ile, mmoja akakonda, mwingine akavimba. Mwaka wa 2009, utafiti uliofanywa Zambia uliangalia utumbo wa watoto wagonjwa. Kuna protini zilizofungwa na nyuzi za sukari, zinazoitwa proteoglikani. Zinakaa juu ya seli na katikati yao, na zinasaidia kuzuia maji na protini zisivuje. Kwa watoto wenye kuvimba, nyuzi hizo zilikuwa zimepungua. Kwa wale waliokonda tu, hapana. Mwaka wa 2013, utafiti juu ya mapacha wa Malawi ulionyesha kwamba vijidudu vya tumboni navyo vina sehemu yao.

Kwa mzazi, jambo hili si la vitabu tu. Mtoto aliyevimba hatibiwi kwa kumlazimisha nyama na mayai mengi siku ya kwanza. Mwili wake hauwezi kubeba. Ndiyo maana maziwa ya kwanza anayopewa hospitalini yana protini kidogo, na chakula chenye nguvu kinafuata baadaye. Mulago kwenyewe, tangu mwaka wa 1965, kituo kinachoitwa Mwanamugimu kinafundisha wamama kupikia watoto vyakula vya nyumbani, kwa sababu maziwa ya unga peke yake hayakutosha.

Pembeni ya Goma, familia nyingi zimekimbia mashamba na mifugo, na mtoto mdogo ndiye anayeumia wa kwanza. Bonyeza kidole juu ya miguu yake yote miwili, uhesabu mpaka tatu pole pole. Kama shimo linabaki, si unene na si uchawi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na yule ambaye bado mzima, aendelee kunyonya mpaka miaka miwili, na kwenye bugali yake kusikose maharagi, sombe, karanga ao sambaza za ziwa letu.