Hoyt Wilhelm, mrushaji aliyechelewa kuthaminiwa

Kwenye soka, mchezaji wa akiba akiingia dakika ya 80 na kulinda ushindi, sifa humwendea aliyefunga bao. Leo tunamkumbuka Mmarekani aliyeishi na tatizo hilo kwenye besiboli.

Hoyt Wilhelm alizaliwa mwaka 1922 huko Huntersville, North Carolina, kwa wazazi waliolima shamba la kukodi. Akiwa shuleni alisoma gazetini kuhusu mtindo wa kurusha mpira bila kuuzungusha, mpira ukayumba angani na kumchanganya mpigaji. Akajifunza mwenyewe. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akajeruhiwa Ulaya.

Alifika ligi kuu mwaka 1952, akiwa na miaka 29, katika timu ya New York Giants. Kazi yake kubwa ilikuwa kuingia mchezo ukiwa umeshaanza, kumpokea mrushaji aliyechoka.

Hapo ndipo hesabu ilipomwonea. Zamani mrushaji alipimwa kwa idadi ya ushindi, na ushindi mwingi huandikwa kwa yule anayeanza mchezo. Kuokoa mchezo kulianza kuhesabiwa rasmi mwaka 1969, Wilhelm akikaribia miaka 47. Alistaafu mwaka 1972, baada ya michezo 1,070, akiwa na ushindi 143 tu.

Sasa tuangalie kipimo kingine. Mchezo una vipindi 9. Kwa kila vipindi 9 alivyorusha, Wilhelm aliruhusu wastani wa alama 2.52, na hapa kidogo ndicho kizuri. Wataalamu wakaendelea mbele: wanalinganisha wastani huo na wa warushaji wa wakati wake, wakizingatia pia viwanja, maana viwanja vingine humsaidia mpigaji. Katika kipimo hicho 100 ni mrushaji wa kawaida, na anayezidi hapo ni bora. Wilhelm ana 147.

Wapiga kura wa Jumba la Mashujaa wa besiboli walimpitisha mwaka 1985, kura ya nane. Alikuwa mrushaji wa akiba wa kwanza kuingia humo. Alifariki mwaka 2002, akiwa na miaka 80.

Tukitaka kujua kazi ya mtu, tuanze kwa kujiuliza tunahesabu nini. Wilhelm hakubadilika, kilichobadilika ni kipimo.